Viluwiluwi na Samaki wa Birika

Jumatano, Magogoni. Masika yamekolea na mbu hawatuachi.

Barazani watu wote wanazungumza uhuru. Mimi tangu jana nilikuwa nawaza birika la msikiti, ambalo leo mkubwa wangu kazini, bwana afya, alitaka tulikague. Mtunzaji wa birika hilo ni baba yangu. Tukikuta viluwiluwi, amri ni kumwaga mafuta juu ya maji. Jana baba aliniuliza, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, ukiyatia mafuta maji ya udhu, watu watawadhe wapi?"

Hapa mtaani kiluwiluwi ni mtoto wa chura, basi. Kazini nimefundishwa kuwa neno ni pana zaidi: ni kiumbe aliyetoka kwenye yai lakini bado hafanani na mzazi wake. Mbu naye ana wake. Huning'inia majini kichwa chini, mkia juu, na huo mkia ndio anaovutia pumzi. Mafuta humziba akafa. Ni adui, lakini wallahi namstahi. Hujivua ngozi, hutulia kidogo, kisha huota mbawa na kuyaacha maji yaliyomlea.

Bwana afya alichota kwa upawa. Maji matupu. Akachota tena pembeni, penye kivuli. Hapana kitu. Ndipo walipojitokeza samaki wadogo, wakidhani tumewaletea chakula. Nimetawadha hapo tangu utotoni nikiwaona, na sikuwahi kujiuliza wanakula nini.

Bwana afya alicheka, akafunika debe lake la mafuta. Baba alisema "Alhamdulillahi", akaendelea kufagia. Nilimpenda mno wakati ule.

Ningeishia hapo ningelala kwa raha.

Lakini ukaguzi ulikuwa wa mtaa mzima, na nyumba yangu imo. Mtungi wa kunawia miguu mlangoni pangu ulikuwa umejaa viluwiluwi, wanacheza kama wako harusini. Mke wangu aliinamisha uso. Bwana afya alinikabidhi debe, nikamwaga mafuta mwenyewe, majirani wanatazama. Niliona aibu ya kufa mtu.

Baada ya magharibi baba alikuja na kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na samaki wa birika.

"Usugue mtungi kwanza," alisema. "Hawa hawataki mafuta."

Nimeusugua kwa mchanga na sabuni mpaka mikono inaniuma, na samaki sasa wamo, wanazunguka kana kwamba wamezaliwa humo.

Kesho narudi kukagua nyumba za watu. Nitaanzia kwangu.