Bakuli la Mwalimu na Mbwa Wangu Wawili

Nsambya, Kampala
Jumatano asubuhi

Dada yangu Mwanasha,

Nakusalimu kwa moyo wote, nawe unisalimie kila aliye hai chini ya paa lile. Goti lako la kushoto lasemaje msimu huu wa baridi? Mimi mwili mzima, chakula chapatikana kwa kubahatisha, ila roho haijatulia. Barua hii nampa gadi wa treni, mtu wa pwani yetu, wa Kisauni, akupe mkononi. Tazama kwanza kama gundi ya bahasha imebanduliwa. Ukishaisoma, itie motoni.

Uliniuliza kama ni kweli nafuga mbwa, mimi niliyelelewa Kibokoni kwa adabu zote. Ni kweli, usinune. Sikuwataka. Mgoa aliyekuwa mkuu wangu karakana ya reli, alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi, alinikabidhi hawa huku analia, nami nikaona haya kukataa. Wanaitwa Biskuti na Peremende. Mama yao alikuwa mbwa wa polisi kule Naguru, baba yao hakuna amjuaye. Biskuti ana sikio moja limesimama na jingine limelala. Peremende ana kiwiliwili kirefu juu ya miguu mifupi, na akikimbia hata mwenye msiba hucheka. Hawajui kutulia. Asubuhi hunizingira mpaka nipande kiti ndipo nifunge viatu. Siku moja waliiba soksi ya jirani kambani, bado inatona maji, wakavutana nayo ua mzima ikawa ndefu kuliko suruali. Nawapikia posho, ugali wa huku, na mukene, vile vidagaa vya ziwani, na wakiniramba najiosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyotufunza marehemu baba.

Nikawapenda, dada, nasema wazi. Tena nikawategemea. Mtu mwingine akigusa lango langu la bati, walikuwa wakibweka hadi mtaa wote ujue, na siku hizi mtu anataka mtaa ujue. Huku watu hutiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, na majirani husema hawakuona kitu. Mwenzetu mmoja wa karakana alichukuliwa hivyo, naye alikuwa na mbwa mkali. Fundi mmoja akaninong'oneza, "Wale watu wakiitaka nyumba, huanza kwa kumlisha mbwa."

Basi mwezi uliopita umeme ulikatika karakana, nikarudi nyumbani adhuhuri. Nasukuma lango, kimya. Hakuna wa kunirukia. Mbwa wamejilaza kivulini, matumbo yamewajaa, posho yangu haijaguswa, na chini pana mifupa ya ng'ombe. Ni nani katika Kampala hii ana mifupa ya kumpa mbwa wa mwenziwe? Nikaketi pale pale.

Wajua nilivyo. Ni wewe uliyekuwa ukisema kwamba nikipewa sambusa naipasua kwanza nichungulie ndani, na kwamba dhana zangu zitaniponza. Nilimshuku msoma mita, nikamshuku muuza makaa. Nikamshuku zaidi Koplo, mwenye ile soksi, askari ambaye hata sijui ni wa kikosi gani. Hufanya zamu ya usiku, hulala mchana, na alishaniambia juu ya ua, "Mbwa yako iko na kelele mingi, bwana. Mimi nalala hapana. Siku ingine mimi napiga yeye risasi, halafu mimi natafuta mwenye mbwa." Lakini anayetaka kumuua mbwa hamletei mifupa.

Mtu mmoja tu sikumshuku, Mwalimu Badru, jirani wa upande wa pili, mzee anayesomesha watoto Kurani. Babu yake alikuja huku na misafara kutoka pwani, na Kiswahili chake bado chanukia kwetu. Yeye ndiye niliyekuwa nikimweleza mambo yangu yote. Akipita mbele ya lango langu hukusanya kanzu kwa mikono miwili na kunikaripia, "Athumani, penye mbwa malaika watapitia wapi?"

Ijumaa iliyopita nikamwona kwenye ufa wa ua, amechuchumaa bombani na bakuli. Analisugua kwa udongo, analisuuza, anahesabu kwa sauti. Alipofika saba akaacha. Koplo angeona vile angedhani mzee anaosha chombo tu. Mimi nilijua bakuli lile limerambwa na mbwa, na Mwalimu hana mbwa.

Kumbe ndiye anayewalisha wangu. Nikakumbuka kila siri niliyompa. Kwenda kwake kupiga hodi ni hatua kumi, sikwenda. Jioni ile ile Koplo alikuwa mlangoni kwake anapaka viatu rangi.

"Mbwa yako nalia hapana siku hizi," akasema. "Nani iko nakuja kwa boma yako?"

"Mwalimu," nikajibu. "Huingia nisipokuwapo."

"Yeye nataka nini?"

"Sijui. Labda barua zangu."

"Yeye iko na watu Tanzania?"

Nami, nikijua kwamba Tanzania huku ndiyo adui, kwa ulimi huu huu nikasema, "Nasikia ana ndugu Tabora."

Jumatatu Mwalimu alichukuliwa mbele ya wanafunzi wake.

Jana sikuweza kwenda kazini. Adhuhuri lango likasukumwa, akaingia Bi Zaituni, mke wa Mwalimu, na bakuli lile la mifupa mkononi, macho yamemvimba kwa kulia. Biskuti akamrukia, Peremende akamzunguka miguuni. Alishtuka kuniona.

"Bambi, nakusihi mwanangu, usikasirike," akasema. "Mwalimu alimsikia Koplo akiapa atawapiga risasi mbwa hawa, kisha akutafute wewe. Akasema mbwa akishiba hulala, na Koplo naye atalala. Mchinjaji alikuwa mwanafunzi wake, ndiye anayempa mifupa. Kila siku wanamramba, kila siku anajiosha na kulalamika. Nilimwambia akueleze. Akasema, Athumani ana hofu ya kumtosha, tusimwongezee."

Kisha akaniuliza kama najua ni nani amemsema mumewe kwa askari.

Nikasema sijui.

Nikamwomba bakuli nilioshe mimi. Nikaliosha mara saba, nikaanza tena. Alinitazama hata akasema, "Imetosha, mwanangu. Limeshatakata."

Leo asubuhi Koplo, akitoka zamu, alinipa sukari nusu kilo imefungwa kwenye gazeti, bila kusema ni ya nini. Sukari huku haionekani hata harusini. Nimeiweka mezani, nami nimekunywa chai yangu chungu.

Dada, nimekata shauri. Koplo sasa amelala. Akiamka nitakwenda na Bi Zaituni, nimrudishie sukari yake, niseme mbele yao wote wawili kwamba mimi ndiye niliyemsema Mwalimu, nilisema nisilolijua, na aliingia kwangu kwa wema. Huenda atarudishwa. Huenda nami nikachukuliwa. Naogopa sana, lakini nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Msalimie mama mdogo aliyenilea nilipougua surua, na shemeji yangu mvumilivu, na binamu yetu seremala, na yule bibi wa vitumbua wa mlangoni petu. Hao waambie mimi sijambo, basi. Habari ya Mwalimu ibaki kwako, ila umwombee kila ukisali.

Saa sita inakaribia. Biskuti na Peremende wamekwenda kukaa langoni, hawabweki, wanatikisa mikia. Wanamngoja Mwalimu.

Mdogo wako aliyeukosea usia wako,
Athumani