Orodha ya Ruta

Baba Nzisa,

Sisi hapa Waithaka tuko salama, na natumai joto la huko kwako Mombasa limepungua. Tangu Jumatatu laptopu imekataa intaneti ya waya. Nilichomoa nikachomeka, nikanunua waya mwingine pale madukani Adams, wapi. Leo fundi amekuja, akakuta tundu la waya kwenye laptopu limejaa vumbi, akalisafisha. Kisha akanionyesha orodha ya vifaa vinavyotumia ruta yetu. Simu yako imo, kwa jina lako, imeshika waifai tangu asubuhi. Nikamuuliza waifai yetu inafika wapi. Akasema mwisho ni nyumba ya jirani.

Sikukupigia. Barua hii pia siipeleki posta. Nampa Yvonne wa mlango wa pili, akupe ukimaliza chai.

Mama Nzisa