Milango Niliyoiacha Wazi

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Leo nimejiapiza kukuandikia yote bila kuruka hata mstari, kwa hiyo tafadhali keti kwanza. Natumaini u mzima, na kwamba lile jino lililokuwa likikusumbua limetulia. Sisi hatujambo. Shuleni naendelea vizuri. Nimekuwa wa tatu katika fizikia, na mwalimu ameandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mwangalifu katika vipimo. Utaona huko mbele kwa nini neno hilo limenichoma.

Najua Mjomba amekupa habari za Mama kazini. Lakini Mjomba naye alisimuliwa, na aliyemsimulia hakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Mwezi wa saba ofisi yao iliamua kuachana na waya za sakafuni na kuweka waifai ghorofa zote tano. Mama ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua vifaa, vile vinavyofanana na visahani vyeupe vinavyobandikwa darini: viwe vya aina gani, viwe vingapi, na kila kimoja kikae wapi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuachiwa kazi kubwa peke yake. Alirudi nyumbani akiimba.

Wauzaji walikuja na mabegi yao. Mmoja alimwambia kwamba kisahani chake kimoja tu kinatosha ghorofa nzima, kwa sababu kinamulika kama jua. Mama akamjibu kwamba hata jua haliingii kabatini. Fundi mwenzake, yule wanayemwita Mjuzi, akadakia kwamba basi Mama akavipange jikoni, maana visahani ndiko kwao. Watu walicheka. Mama naye alicheka, akachagua aina ya wastani isiyojisifu, kisha akachora ramani kwa penseli: visahani ishirini na sita, angalau kimoja katika kila kipande cha korido kati ya mlango na mlango. Korido zao zina milango mizito ya chuma ya kuzuia moto, inayojifunga yenyewe, na Mama alisema chuma humeza mawimbi.

Mkuu wa idara akasema anataka vipimo, si penseli. Siku za kazi hapakuwa na nafasi, kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi Mama alinichukua nikamsaidie. Mgeni haruhusiwi kule juu. Mlinzi alinipitisha kwa heshima ya Mama tu. Mama alipanda ngazi akashikilia kifaa cha majaribio darini, na mimi nikazunguka na simu yake na daftari, nikisoma namba za nguvu ya mawimbi. Namba zenyewe ziko chini ya sifuri, kama za baridi kali: hasi hamsini ni nzuri, hasi themanini ni kama hakuna kitu. Alinieleza mara tatu: pita mlango, uache ujifunge, hesabu hadi kumi, ndipo usome.

Namba zilitoka nzuri kuliko alivyotarajia. Mama alizitazama sana, akasema pengine alikuwa mwoga kupita kiasi, akafuta visahani vinane kwa raba.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu waliwasha. Watu wa idara ya malalamiko, iliyo mwisho kabisa wa korido ya ghorofa ya nne, hawakuweza kufungua hata barua pepe moja. Kufikia saa nne asubuhi walikuwa wamekaa kwenye ngazi, kompyuta mapajani, kama kuku waliofungiwa nje ya banda. Mjuzi alipita akiuliza kwa sauti nani amemwona Mama Visahani. Mkuu akamwita Mama mbele ya watu, akamuuliza ni nani aliyepima. Mama akasema ni yeye.

Sasa yuko stoo, chini kabisa, kusiko na dirisha, akigawa kibodi na vipanya. Mjuzi amepewa meza yake na ramani yake. Ameongeza visahani vinane, na Mama anasema amevitia palepale penye alama za raba. Walimpigia makofi.

Jioni ya siku ile aliyohamishiwa stoo ndipo ujumbe wako ulipofika. Mama alikuwa akipiga pasi sare yangu. Uliandika kwamba ulimwonya tangu zamani kuwa kazi ile si saizi yake, na kwamba angekusikiliza asingejiaibisha mbele za watu. Aliusoma, akailaza simu kifudifudi, akaendelea kuupiga pasi mkono uleule wa shati uliokuwa umekwisha kunyooka. Ujumbe niliuona baadaye mwenyewe. Nisamehe kwa hilo pia.

Baba, milango ile sikuiacha ijifunge. Niliizuia kwa ndoo za taka ili nipite haraka, yote kumi na miwili, wala sikuhesabu hadi kumi hata mara moja. Mama hakuniona kwa sababu korido zina kona, na nilipokuwa narudi niliziondoa ndoo. Namba nilizoandika zilikuwa za kweli, lakini zilikuwa za ofisi isiyo na milango. Nilifanya haraka kwa sababu ilikuwa ile Jumamosi uliyoahidi kuja kunichukua saa sita mchana. Sisemi hivi ili nikulaumu. Nasema kwa sababu niliapa kutoruka mstari. Nilikaa kizingitini na viatu nilivyoving'arisha mpaka taa za barabarani zikawaka.

Juzi nilimwambia Mama kwamba nitakwenda mwenyewe kwa mkuu. Akasema anajua. Siku ya pili ya zile fujo alirudi kupima, akaona tofauti ya mlango uliofungwa na ulio wazi, akaelewa. Akanikataza kwenda, maana wakijua kwamba aliingiza mtoto, hata hiyo stoo ataikosa. Nilipolia, akasema kalamu ilikuwa yangu lakini sahihi ni yake, na nikamalize kazi ya shule. Kukuandikia wewe hakunikataza. Nadhani hakulikumbuka.

Hajui kuhusu barua hii, kwa hiyo sikuletei salamu zake. Pokea zangu mara mbili. Uangalie lile jino. Ndani nimekuwekea bahasha ya kujibia, nimeandika anwani yetu na kubandika stempu, ili usipate taabu.

Ni mimi, binti yako.

Nimekwisha kutia sahihi na swali lenyewe bado sijauliza. Yale maneno uliyomwandikia Mama, kwa kuwa sasa unajua yalimstahili nani, utaniandikia mimi, au utamwandikia yeye mengine?