Kitambaa Kikavu cha Mpiga Tarumbeta

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, shikamoo, kama mzee wa miaka sitini na nne anaruhusiwa kumwamkia shangazi ambaye umri wake haujui. Naomba msaada wako, na zaidi ya msaada naomba usiri, kwa sababu mke wangu hagusi ukurasa mwingine wa gazeti hili mpaka amalize huu, tena anausoma kwa sauti mimi nikinywa chai, kwa hiyo unijibu kwa namna ambayo yeye hataelewa.

Mimi ni mpiga tarumbeta katika bendi ya harusi, kazi niliyoifanya miaka thelathini na nane, na watu wananiita Koo la Dhahabu, jina ambalo sikujipa ingawa sikulikataa. Nina kisukari mwaka wa tisa sasa, na sigara nimevuta tangu ndevu zilipoanza kuota, na huko kliniki daktari aliniambia bila kumung'unya maneno kwamba sukari na sigara zikipanga nyumba moja katika umri wangu, mpangaji anayefukuzwa ni moyo, basi nikarudi nyumbani nimeogopa kweli, nikamwambia mke wangu nimeacha sigara, akafurahi mpaka akanikumbatia mbele ya wakwe, akawapigia simu watoto wote wanne, akawaambia majirani, na Jumapili ile wakaja wote wakanipigia makofi sebuleni, na mimi, Shangazi, wakati wananipigia makofi, pakiti ilikuwa ndani ya kasha la tarumbeta, chini ya kitambaa cha kufutia.

Sikuwa na nia mbaya. Niliacha sukari kwenye chai, nikaacha soda, nikaacha vya kukaanga, na kila nilipokataa soda harusini nilijiambia mzee umefanya vizuri, jipongeze, nikazunguka nyuma ya ukumbi nikajipongeza kwa sigara moja, na harusi ina soda nyingi za kukataa, kwa hiyo kuna Jumamosi nilijipongeza mara tisa. Daktari aliponiuliza nikamwambia labda mbili, moja nikiwa na mawazo.

Sasa pumzi imeanza kunikimbia. Nikipanda ngazi za ukumbi kifua kinabana kama nimevaa koti la mtu mwingine, nikikaa kidogo kinaachia, na huu ni mwezi wa pili sipulizi kitu. Naweka tarumbeta mdomoni, navimbisha mashavu, nachezesha vidole, nafumba macho pale penye utamu, na anayepuliza ni mwenzangu wa tarumbeta la pili, ambaye siku za kazi ni fundi rangi. Yeye peke yake ndiye anayejua. Juzi bibi mmoja alinifuata akaniambia, "Leo umepiga kuliko siku zote." Nilimshukuru.

Basi mjukuu wetu wa kwanza anaolewa wiki sita kutoka sasa, na ameniomba jambo moja tu. "Babu, nikiingia ukumbini bendi yote inyamaze, upige wewe peke yako." Nikajibu, "Bila shaka, mchumba wangu," maana ndivyo ninavyomtania tangu anatambaa, na mke wangu akalia kwa furaha. Nifanye nini? Nimwambie mke wangu, aliyekwisha kunitangaza mtaa mzima? Fundi rangi anasema atajificha nyuma ya pazia apulize yeye. Nakiri wazo hilo nimelifikiria kuliko linavyostahili.

Wako, Koo la Dhahabu.

*

Marahaba, mzee wangu. Umri wangu tuuache ulipo.

Umetaja kazi yako, miaka yako, watoto wanne na jina la utani, kisha unaomba mkeo asikutambue. Hilo tutalirudia. Kwanza kifua.

Kifua kinachobana ukipanda na kuachia ukikaa, usikisingizie uzee, na ngazi za ukumbi hazina kosa. Huenda ni moyo unaomba kupimwa, na unaomba wiki hii, si baada ya harusi. Kwa mtu mwenye kisukari moyo mara nyingine hulalamika kwa sauti ya chini sana, au haulalamiki kabisa, kwa hiyo wako ukisema jambo, usikilize. Na kifua kikibana ukiwa umekaa, au kikakataa kuachia, au ukatokwa na jasho na pumzi ikakatika, usisubiri chai ipoe, upelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Tarumbeta nalo lipumzike mpaka daktari aseme, hata hilo la kujifanya.

Sasa nikugombeze. Kila soda uliyoikataa ilikuwa kazi ya kweli, na mimi nakuvulia kilemba. Lakini sukari na sigara zinaharibu mishipa ile ile ya damu. Umemfunga mwizi mlango wa mbele, ukazunguka nyuma kumpokea mwenzake, tena mara tisa kwa Jumamosi moja. Halafu daktari ukampa mbili. Dawa ya mtu wa mbili utapewa, na moyo wa mtu wa tisa utakwenda nayo vipi?

Tuje kwa mkeo. Umesema anausoma ukurasa huu. Hukujua kwamba anauandikia pia. Barua yake ilifika mezani kwangu wiki tatu kabla ya yako, nami nainukuu kwa ruhusa yake:

"Shangazi, mume wangu ni mpiga tarumbeta. Tangu anioe mimi ndiye ninayemfulia kitambaa cha kufutia tarumbeta, na kila Jumapili nilikikuta kimelowa, kwa sababu pumzi ya mpigaji hugeuka maji humo ndani. Mwezi huu kinarudi kikavu, kimekunjwa vile vile nilivyokikunja mimi, ila kinanuka sigara. Najua hapulizi, na najua anavuta. Nimjulisheje kwamba najua, bila kumwaibisha, maana mimi ndiye niliyemtangaza kwa watu? Tarumbeta silitaki, Shangazi, namtaka yeye. Akikuandikia, na namfahamu, atakuandikia wewe kabla ya kuniambia mimi, mjibu hapo hapo gazetini. Nitamsomea mwenyewe."

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Wewe umeumbuliwa na kitambaa. Shukuru.

Kwa hiyo, mzee, ikiwa unasomewa haya sasa hivi, weka kikombe chini. Nawe mama, acha kusoma kidogo, mtazame. Ukimaliza kumtazama, endelea.

Jumatatu asubuhi nendeni kliniki wote wawili. Mzee, mtajie daktari tisa, na mtajie kifua kabla ya jambo lingine lolote. Apime moyo, presha na mafuta kwenye damu, na akikupa dawa uzinywe hata siku unapojisikia vizuri. Mwombe akusaidie kuacha sigara. Kuna dawa na kuna washauri wa kazi hiyo, na anayesaidiwa huacha kwa urahisi kuliko anayekaza meno peke yake. Usinambie utapunguza. Wiki za mwanzo pima sukari mara nyingi zaidi, kwa sababu mwili ukiachana na sigara sukari nayo inaweza kubadilika, na dawa zako za kisukari usizibadilishe kwa akili yako. Ukiteleza ukavuta moja, mwambie mama siku ile ile, uanze tena kesho. Hujachelewa, hata kidogo. Daktari akisharuhusu, ukikataa soda, jipongeze kwa kutembea na mkeo hadi mwisho wa mtaa na kurudi, mkono kwa mkono, majirani wapate habari mpya. Na ile pakiti itoke ndani ya kasha leo, mbele yake.

Mjukuu mwambie ukweli. Hakuomba tarumbeta, aliomba babu. Fundi rangi apige yeye, mbele ya watu, amesimama wima kama mtu aliyefanya kazi miezi miwili bila kusifiwa, na pazia libaki dirishani. Bibi harusi akiingia, wewe uwe pembeni ya mkeo, mdomo ukiwa huru kumpigia kigelegele kama unajua.

Na siku daktari atakapokuambia sasa unaweza, usingoje harusi ya mtu. Kaa kibarazani kwako, piga wimbo mmoja mfupi, halafu mpelekee mama kitambaa kimelowa. Usiseme neno. Atajua.