Siku Niliyomwinamia Mkwe Wangu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Buswelu tunaendelea vizuri, na mguu wa bibi yako umepona.

Unauliza kama ukubali kuwasemea wenzako wa uwanja wa ndege, sasa kampuni zenu zinapoungana. Mimi niliwahi kukubali, na bado naona aibu.

Uhuru ulipokaribia nilikuwa mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege wa Mwanza. Kampuni yetu ilipounganishwa na nyingine, chama cha wafanyakazi kilinituma nikadai jambo moja tu, kwamba miaka yetu ya kazi isifutwe. Kuingia ofisini, namkuta karani wa kampuni hiyo nyingine ni baba yake bibi yako. Akanisomea mkataba: "Wote mtahesabiwa kama waajiriwa wapya." Kwetu mtu habishani na mkwe wake. Nikainamisha macho, nikasema, "Sawa, baba."

Nje alikuwa akinisubiri Mashauri, mzee aliyenifundisha kazi.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamekataa."

Akarudi kwenye mizigo. Walipopunguza watu, yeye aliondolewa pamoja na wapya kwa kuwa miaka yake ilikuwa imefutwa, akarudi kwao Misungwi.

Miaka mingi baadaye mkwe wangu aliugua, nikaenda kumwangalia. Akaniambia, "Siku ile niliruhusiwa kuwaachia miaka yenu, mkiidai. Nilikungoja useme."

Nilitaka kwenda kumweleza Mashauri. Lakini alikuwa ameshazikwa, akiamini kwamba nilimsemea.

Babu yako