Anayeuliza Nani Bado Yupo

Jumatatu, 3 Novemba
Chai, ndizi mbili, ngazi hadi chumba cha mitambo. Picha imeganda tena. Kamera iko ukumbi mkuu wa chuo, kumbi za pembeni zinatazama kwenye skrini. Inaanza safi, dakika chache tu, kwisha. Chomoa waya, chomeka, inarudi. Halafu inaganda. Mahafali ni Jumamosi na wazazi wengi watakaa pembeni. Bwana Elibariki, mkuu wangu wa kitengo, kanitamkia mbele ya watu: nisipoitengeneza, mkataba wangu hauongezwi. Haya. Tutaona.

Jumanne, 4
Bwana Elibariki anataka nizime usikilizaji kwenye swichi ya mtandao. Kazi ya usikilizaji ni hii: skrini inayotaka picha inaomba kujiunga na kundi, swichi inasikia, inaipelekea hiyo tu. Ukizima, picha inamwagwa kila mlango wa swichi, hata kwa asiyeitaka. Kaamuru, nimezima. Picha haikuganda, ila intaneti ya wayalesi ikazidiwa, ikafa chuo kizima na ofisi ya usajili wakaja juu. Nikawasha tena bila ruhusa. Kanifokea kama mtoto. Radhi siombi.

Jumatano, 5
Anamtaja fundi wa Arusha. Amlete! Hasira tupu. Swichi nzima, waya wazima. Kwa nini inawasahau walioomba?

Alhamisi, 6
Nimelala kijijini Uru kwa mama. Asubuhi mfereji wetu mkavu, na juu maji tele. Mama kanieleza huku akimkatia ng'ombe majani. Kwetu kuna mwitaji. Anapita kando ya mfereji akiuliza kila nyumba kama bado inataka maji. Nyumba isiyojibu inafungiwa. Mzee aliyekuwa akiita amefariki, na wanaume bado wanabishana nani amrithi. Mwanamke hatajwi. Basi hakuna anayeuliza, hakuna anayejibu, na mshika lango la juu kaona kimya, kafunga.

Nikaacha kikombe mezani.

Swichi nayo haishiki jina la mwombaji milele. Lazima kuwe na anayeuliza kila mara nani bado yupo, skrini zijibu. Aliyekuwa akiuliza ni ruta ya zamani. Bwana Elibariki aliing'oa mwenyewe wakati wa ukarabati. Eti haina kazi.

Ijumaa, 7
Nimeipa swichi kuu kazi ya kuuliza. Amri fupi tu. Picha imesimama mchana kutwa. Yeye kaja, kasema niondoe, tumsubiri fundi. Nimekataa. Nikamwambia aondoe kwa mkono wake, mkuu wa chuo, aliyekuja kukagua, akiwa anatazama. Hakugusa. Aliyeondoka chumbani ni yeye.

Jumamosi, 8
Picha haikukatika. Ukumbi wa mwisho mama mmoja alimwona bintiye kwenye skrini, akapiga vigelegele mpaka ngazini nikasikia. Pongezi kapokea Bwana Elibariki. Kazipokea zote. Mkataba hakuutaja. Asiutaje. Ile amri inabaki, na nikiondolewa nitaondoka nimenyoosha shingo.

Jumapili, 9
Uru. Mawingu, mlima hauonekani. Baada ya misa mama kavaa mabuti, kapanda kando ya mfereji. Hakumwambia mtu. Akaanza kuita nyumba moja moja, kwa sauti ya kawaida. Wanaume waliokaa kwa jirani wakaguna. Akaita tena.

Nilikuwa kwenye lango letu. Nikajibu, "Tupo!"

Jirani naye akajibu, kisha wa chini yake. Mshika lango la juu kasikia, kafungua; jioni maji yamefika kwenye migomba.