Baba, Nilisimama Mstari wa Nalongo

Naguru, Jumapili, tarehe kumi na nne

Mpendwa Baba,

Leo nitakuambia yote, hata yale ambayo Mama angependa yabaki hapa nyumbani. Naandika kwa sababu simu ni ya Mama, na nikizungumza nawe anakaa karibu akichambua mboga. Afande Okot, anayekuja huko Moroto na lori la chakula cha askari, amekubali kukuletea barua hii. Naomba ikufikie kabla Mzee Ocen hajakupigia.

Unakumbuka uchaguzi ule nilipokuwa na miaka saba? Ulikuwa unalinda kituo cha kupigia kura kule Ntinda, na mimi na Mama tukakuletea chai kwenye chupa. Kidole chako kilikuwa na wino. Nikakuuliza umemchagua nani. Ukainama ukaninong'oneza, "Atim, hata mama yako hajui." Mama akasikia, akasema, "Najua sana." Mlicheka wote wawili, nami nikakasirika. Tangu siku hiyo nilitamani kuwa mtu mzima ili niwe na siri kama ile. Hakuna aliyenieleza kwamba mwenyekiti wa mtaa hachaguliwi kwa karatasi, kwamba unasimama nyuma ya mtu wako juani na kila jirani anakuona.

Muhula huu mwalimu wetu wa siasa alitupa kazi: ni nini kinachomfanya raia achague huyu na si yule, katika nchi mbalimbali. Nilisoma sana, Baba. Kuna nchi ambako mtu hujaza karatasi ya kura mezani kwake na kuituma kwa posta. Kuna nchi ambako usipopiga kura unatozwa faini. Wengine hufuata dini, wengine chama cha wafanyakazi, wengine chama alichopenda babu yao. Furaha, Mkongomani ninayekaa naye dawati moja, alisema, "Kwetu wanaulizaka kwanza, huyu ni mutoto ya nani?" Darasa lilicheka, lakini mwalimu alimwambia aandike hilo, ni jibu zuri. Mimi nilijaza kurasa nne na nikasifiwa. Katika kurasa zote nne sikuandika kwamba unaweza kuwa umesimama nyuma ya mama mzazi, kisogo chake unakiona.

Kwa maana ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya uchaguzi wa mwenyekiti Mama alisema, "Tunaenda pamoja, tunasimama pamoja." Nikaitikia. Sijui kama nilidanganya au nilikuwa sijajijua. Unajua jinsi Mzee Ocen, mmoja wa wagombea wawili, alivyo kwetu. Mmefanya kazi ya polisi pamoja, ndiye aliyetutafutia vyumba hivi, na Mama alipougua ulipokuwa mbali ndiye aliyempeleka hospitali. Mpinzani wake Nalongo, muuza mkaa, hana wema wowote anaotudai. Ila mvua ilipojaza maji vyumbani mwa akina Furaha, ni yeye aliyeshika jembe akafungua mtaro, na watu wakamfuata. Mzee Ocen alikuja siku ya pili akasema ataandika barua kwa halmashauri ya jiji.

Nilikuwa tayari kwenye mstari wa Mzee Ocen, nyuma ya Mama. Ndipo nikawaza, nikihesabiwa hapa, zile kurasa nne ni za nini? Nikatoka. Kati ya mistari ile miwili kuna hatua kama ishirini, na sijawahi kutembea mbali hivyo. Mwanamume mmoja akaniita kwa dhihaka kama bibi mkubwa, "Nyabo, laini yako iko huku! Huko ni kwa watu ya mtaro!" Watu wakacheka. Mama hakugeuka. Alijifunga upya kitenge chake, akaendelea kutazama mbele. Karani alipopita akihesabu na kunigusa bega, nilitaka kulia, na si kwa huzuni tu.

Mzee Ocen alishinda, tena kwa mbali. Baadaye akaja kutusalimia, akanishika mkono, akauliza huku anatabasamu, "Atim, mimi nakujua toka hujaota meno. Hii si akili yako. Nani amekutuma? Ni baba yako?"

Jibu nilikuwa nalo, Baba. Lilikuwa fupi. Lakini nilinyamaza, naye akadhani amejibiwa. "Sawa," akasema, "nitamuuliza mwenyewe."

Sasa fomu yangu ya chuo cha uuguzi inataka barua ya mwenyekiti yenye muhuri, na mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Mara mbili nimefika mlangoni kwake, nimeona kandambili zake nje, nikarudi. Furaha anasema atagonga muhuri tu, anamgongea kila mtu. Huenda ni kweli. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, maana angekuwa mbaya ningejua la kumwambia. Nilimwomba Mama anisindikize. Akasema, "Nenda mwenyewe. Si ulijipanga mwenyewe?" Tangu hapo tunaongea habari za chumvi na mkaa. Ila jana nilikuta amenipigia pasi sare yangu, pamoja na kola, ambayo huwa ananiachia mimi. Nimeamua kuiona kama dalili njema.

Nakuogopa wewe zaidi kuliko wao wote. Ukimwambia Mzee Ocen kwamba ulinituma, labda nitapata muhuri, lakini kura yangu ya kwanza itakuwa yako, na urafiki wenu utaharibika kwa kosa usilolifanya. Ukimwambia hukunituma, utakuwa umesema kweli, nami nitabaki mtoto aliyemwaibisha mama yake mbele ya watu. Nimejaribu kutafuta jibu la tatu, sijalipata.

Afande Okot anarudi Kampala Alhamisi na atapita kwako kuchukua majibu. Tafadhali andika, hata mstari mmoja, niusome kabla sijaenda kugonga mlango ule.

Akikupigia na kukuuliza ni nani aliyenituma, utamjibu nini?

Binti yako anayekungoja,
Atim